Mchoraji wa Marehemu

Watu wakiniuliza siku hizi picha hunijiaje, huwa nawadanganya. Nasema naota, au nasema ni kipaji cha kuzaliwa, au nasema namwomba Mungu kabla sijashika brashi. Hayo ndiyo wanayotaka kuyasikia. Wanatikisa vichwa, wanaandika wanachoandika, halafu wananiacha ninywe chai yangu. Ukweli ni kwamba picha hazinijii tena. Zilikuwa zinanijia zamani, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa kijana kule Mishamo kwenye makazi ya wakimbizi. Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuchora watu waliokufa.

Ngoja nieleze vizuri, msije mkadhani nilikuwa mchawi. Wapo waliodhani hivyo, na walinitosha.

Sisi tuliozaliwa na wazazi waliotoka Burundi tulikuwa na desturi ambayo wazee walivuka nayo mpaka. Mtu akifa anazikwa, watu wanalia, kisha baada ya muda mrefu, shamba likiwa limeshavunwa na ndugu wa mbali wakiwa wamepata nafasi, familia hufanya siku ya kuondoa msiba. Inatengenezwa pombe ya mtama, wazee wanakaa kuzunguka chungu na mirija yao, mjane anavua nguo za msiba, na anasimama mtu kuwaambia waliobaki kwamba sasa waendelee kuishi. Sijui nani alianza, lakini kufika miaka hiyo ilikuwa aibu kufanya siku hiyo bila picha ya marehemu kuwekwa mezani juu ya kitambaa cha kudarizi. Nadhani tuliiga kutoka misheni.

Shida ni kwamba picha zenyewe hazikuwapo. Mpiga picha alikuwa Mpanda mjini, na kutoka makazini kwenda Mpanda kulihitaji kibali cha mkuu wa makazi, halafu lori la mahindi, halafu barabara ile ambayo sitaki hata kuizungumzia. Nani akapande juu ya magunia kutwa nzima, vumbi limjae mpaka masikioni, ili tu apigwe picha? Watu walilima, wakazaa, wakafa, na sura zao zikaenda nao.

Mimi nilikuwa najulikana kidogo kwa kuchora. Nilikuwa nimepaka rangi njia ya msalaba kwenye kanisa letu la tofali za udongo, na waumini walilalamika kwamba askari wa Kirumi wanafanana na mgambo wa kijijini. Basi siku moja jirani yetu aliyefiwa na mke akaja nyumbani. Akaniambia, "Wewe si unachora? Mchore mama watoto. Siku yake inafika na mezani sina cha kuweka."

Nikamjibu kwamba mkewe nilimwona mara chache, simkumbuki vizuri. Yule baba akakaa tu, akaanza kuongea. Nilikuwa na ubao wa mninga nilioupaka rangi ya kahawia iliyobaki baada ya kupaka milango ya shule. Nikauegemeza ukutani, nikashika brashi ili asione kwamba namdharau. Akasimulia jinsi mkewe alivyokuwa akigombana na kuku. Akamwigiza: midomo ikaenda upande, kidevu kikainuka, jicho moja likawa dogo. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Mkono wangu ukaenda. Sikuwa nafikiri, sikuwa nachagua, na kama ungeniuliza wakati ule brashi imechovywa kwenye rangi gani nisingeweza kukujibu. Niliposhtuka, kwenye ubao kulikuwa na mwanamke anayetutazama kana kwamba tumemkatiza akitwanga muhogo.

Jirani akasimama, akatoka nje, akaenda kusimama karibu na zizi la mbuzi. Alikaa huko muda mrefu. Mama akampelekea maji.

Ndivyo kazi ilivyoanza, na ndivyo nilivyojifunza sheria zake, ambazo sikufundishwa na mtu. Usiulize pua ilikuwaje. Ukimuuliza mtu kuhusu pua atakuambia ilikuwa ya wastani, na mkono unaganda. Uliza alikuwa anawaitaje watoto waje kula. Uliza nani alikuwa hamsalimii, na akikasirika anashika nini. Usipige mstari wa penseli, kwa sababu ukishapiga mstari mkono unaufuata mstari badala ya kumfuata mtu. Anza na kivuli kilicho chini ya taya, pale ambapo hakuna anayejali, halafu ngoja. Rangi zangu zilikuwa masizi ya sufuria, udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa, chokaa, na vikopo vya rangi ya mafuta vilivyoletwa na wenye kibali. Maongezi yakiisha na sura haijaja, nafuta yote kwa tambara lenye mafuta ya taa na kuwaambia warudi na ndugu mwingine. Mara nyingi aliyekuwa anakuja na sura ni wifi wa marehemu. Mama mzazi anakumbuka mtoto, mume anakumbuka chakula, lakini wifi amemchunguza mwenzake miaka yote akitafuta kasoro. Mtu akitaka kumjua marehemu, aongee na wifi yake.

Mavazi nayo yalikuwa kichekesho. Kila mwanamume alitakiwa avae suti, tai, saa mkononi na kalamu mbili mfukoni. Niliwavalisha suti watu ambao maishani mwao hawakuwahi kuvaa hata viatu vya kufunga kamba. Suti yenyewe ilikuwa moja, ya kijivu, niliyoiona kwa mgeni mmoja wa parokia, na ndiyo iliyowatosha wote, wanene kwa wembamba. Sikujali suti. Suti niliichora kwa akili, uso niliuacha uje wenyewe.

Na ulikuwa unakuja na ukweli wake. Kuna mzee mmoja ambaye familia yake ilimsifu kwa upole tangu asubuhi mpaka jua likawa kichwani. Picha ilipomalizika, mzee alikuwa anatutazama kwa dharau, kama mtu anayehesabu vipande vya nyama kwenye sahani za wenzake. Mwisho mwanawe mkubwa akasema, "Ndiye," akaibeba. Baada ya muda wakarudi kuniomba nimpunguzie ukali wa macho. Nikakataa. Siku ya kuondoa msiba wakamweka mezani, lakini kwa upande, amwangalie katekista.

Halafu kule nyumbani kwa wazazi vita vikaanza tena. Redio zilikuwa zinasema, na watu wapya walikuwa wanafika na habari kwamba fulani ameuawa, fulani na watoto wake wameuawa, na hakuna aliyewazika. Watu wakaanza kuja kwangu kuniomba niwachoree ndugu ambao hawakuwa na hata kaburi la kulilia. Hao niliwachora kwa uchungu, na nawaambia kweli, zile ndizo picha bora nilizowahi kuchora. Sijui ziko wapi. Nyingine zitakuwa zimeliwa na mchwa.

Lakini kazi hiyo ilikuwa na adhabu yake. Kwa kuwa mkono wangu ulichora wafu tu, hakuna mzima aliyetaka nimtazame. Nikipita kisimani wanawake wanavuta kitenge kufunika uso. Nikimkazia mtu macho kanisani anageuka, "Usinitazame hivyo, bwana, mimi bado nipo." Walikuwa wanacheka, lakini walimaanisha. Na mama yangu mzazi alimaanisha kuliko wote.

"Mkono wako umezoea wafu," alikuwa ananiambia, mikono yake ikiendelea kuchambua maharage. "Usinichore mimi. Hata nikikuomba, usinichore."

Nikamtii. Sikumchora, na ili nisije nikamchora kwa bahati mbaya nikajizoeza kutomtazama sana. Akinipa chakula naangalia sahani. Akiongea naangalia mlango. Nilizijua sura za marehemu wote wa kijiji kile kuliko nilivyoijua sura ya mwanamke aliyenizaa. Nani angeniambia kwamba huo ulikuwa ujinga? Pale kwetu kila mtu aliuona ni heshima.

Baba hakuwa na maneno. Alikuwa mtu wa jembe, na kwake kazi ilikuwa kitu kinachokuachia sugu viganjani. "Kijana mzima anapaka mbao rangi," alikuwa akiwaambia wenzake, nami nasikia. Kuku walioletwa kama shukrani aliwala. Lakini katika miaka yote ile hakuwahi kuomba kuona picha hata moja.

Sasa nifike kwa mtu aliyeniharibu. Naandika aliyeniharibu, na atakayesema nilijiharibu mwenyewe aseme, mimi sitabishana naye.

Ilikuwa katikati ya miaka hiyo. Mfanyabiashara mmoja wa zamani wa Mpanda mjini alifariki, na mtu aliyewahi kununua mahindi Mishamo akaiambia familia yake kwamba kule makazini kuna kijana anachora waliokufa. Hawakuwa Warundi, walikuwa wenyeji wa pale, lakini picha waliitaka. Wakanitafutia kibali, nikapanda lori, nikakaa na wajane na watoto, nikamchora. Mpwa wa marehemu alikuwa amekuja na treni kutoka Dar es Salaam. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye shati la hariri na mkufu. Alipoiona picha ya mjomba wake alilia mpaka akajifuta makamasi kwa mkono wa lile shati. Nilimpenda kwa hilo.

Kesho yake asubuhi akanifuata nilikolala. Macho yake bado yalikuwa mekundu, na kwapani alikuwa na vitambaa vya picha vilivyokunjwa. Akavitandaza chini. Nikaona wanawake watatu wembamba wenye shingo ndefu ajabu, mitungi kichwani, na nyuma yao jua jekundu na mti uliolala juu kama meza.

"Mshikaji, mkono unao," akaniambia. "Sasa mkono kama huo unaufanyia kazi ya maiti tu? Mzungu hawezi kununua sura ya mjomba wangu. Ananunua hii. Mimi nina maduka yanayochukua, Dar yapo, Arusha yapo. Wewe chora, mimi nasafirisha. Hili ni dili."

Nikamuuliza, "Hawa ni akina nani?"

"Si mtu."

"Lazima ni mtu fulani."

"Ni akina mama wa Kiafrika tu, kaka. Usiumize kichwa."

Huyu alikuwa mtu aliyelia jana. Alijua picha ni nini. Hilo ndilo ambalo mpaka leo linanikereketa kooni: si mjinga aliyeniambia nichore mitungi, ni mtu aliyeguswa hasa, akaguswa, akalala, akaamka na biashara. Nami nilimkubali. Nilitaka kuitwa msanii. Aliniahidi kwamba siku moja picha zangu zitatundikwa kwenye ukumbi wa vioo, watu waniulize maswali huku wameshika glasi. Na mkono mtupu haulambwi. Kuku wa shukrani hawajengi nyumba.

Akanipangia chumba Mpanda, nyuma ya stesheni, ambapo treni ikiingia vikopo vya rangi vinagongana. Kibali changu kikawa kinapatikana upya kila kilipokwisha, kwa njia ambazo hakunieleza. Akanifundisha kazi. Unakata kadibodi kwa umbo la mwanamke, unaiweka juu ya kitambaa, unapiga mstari kuzunguka. Unavipanga vitambaa vingi ukutani kwa pamoja. Leo unachora shingo zote. Kesho mitungi yote. Keshokutwa jua. Nikimaliza safu moja, nyingine inangoja.

Mwanzoni mkono uligoma. Nilikuwa natanguliza kivuli chini ya taya kwa mazoea, na kabla sijajua, mmoja wa wale wanawake anakuja na uso wa mtu. Mara moja alikuja mjane mmoja niliyemwona kwenye soko la kijiji cha Litapunga, yule yule, na kero yake ya mgongo. Yule mpwa akazitenga picha za namna hiyo na kunirudishia.

"Huyu ananiangalia," akasema. "Mtalii hataki kuangaliwa, kaka. Yuko likizo."

Basi nikajifunza kuwafumba macho. Kope mbili zilizoinama, mstari na mstari, na mtu anaondoka usoni. Ni rahisi ukishajua. Nikajifunza na tembo pia. Tembo ninaowajua mimi wanavunja mahindi ya watu na kuacha familia ikilia. Tembo aliowataka yeye walitembea kwa adabu chini ya mlima wenye theluji, mkonga juu, kana kwamba wanasalimia abiria. Nikawachora. Nikachora na wapiganaji wenye mikuki, watu ambao sikuwahi kukutana nao hata mmoja. Nikawa hodari. Akija ananisifu, anasema hakuna anayenifikia kwa kasi, nami nafurahi, na wahenga walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jina langu hakutaka niliandike. Pembeni aliandika jina la mtu mwingine, la kipwani, kwa madai kwamba wanunuzi wanalijua. Aliniambia picha zangu zimefika Ulaya. Nikawaelezea watu wote wa mtaa, na mama ntilie wa stesheni akaniongezea nyama.

Watu wa Mishamo waliendelea kunitafuta. Mwanzoni nilikuwa naenda. Baadaye nikawa nasema nina kazi nyingi, warudi mwezi ujao. Mara ya mwisho nilipomchorea mtu marehemu wake ni mama mmoja aliyefiwa na mwana. Niliimaliza haraka, akaitazama, akasema "asante sana" upesi mno, akaifunga kwenye khanga bila kuitazama mara ya pili. Nilijiambia amechoka na safari.

Mama yangu alifariki mwishoni mwa miaka hiyo, masika, wakati barabara imekatika. Ilikuwa homa. Habari zilinifikia zikiwa zimechelewa, na lori nililolipata lilizama kwenye matope, tukalala porini tukilisukuma. Nilipofika nyumbani kaburi lilikuwa limeshasawazishwa na shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa anaosha vyombo vya msiba. Sikuuona uso wa mama. Na nawakumbusha kwamba hata alipokuwa hai nilikuwa siutazami.

Baada ya mavuno ya mwaka uliofuata baba alikuja Mpanda. Alikuja mwenyewe, juu ya magunia ya mahindi, mzee yule, hajawahi kufika chumbani kwangu. Nilimkuta amesimama mlangoni ameshika kofia. Ukutani wanawake wangu wa mitungi walikuwa wamepangwa safu kwa safu wakikauka. Akawatazama mmoja mmoja, taratibu, kama mtu aliyeletwa kutambulishwa kwa wakwe.

"Hawa wote ni ndugu?" akauliza.

Nikasema hapana, ni kazi tu. Nikampa kiti, nikampa maji. Akanywa, akaifuta midomo yake, akaiweka kofia gotini.

"Siku ya mama yako imekaribia," akasema. "Nataka umchore."

Baba hakuwahi kuniomba kitu. Aliniamrisha, alinikemea, alininyamazia, lakini kuomba, hapana. Nikasema ndiyo, Baba, na nilisema kwa furaha. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa najiambia kwamba hii ndiyo picha niliyokuwa nasubiri tangu nizaliwe, na kwamba mama sasa hawezi kunikataza.

Alikuwa ameniandalia ubao. Mninga mpana, alioupiga randa mwenyewe mpaka ukawa laini kama shavu la mtoto. Nikaupaka rangi ya kahawia, nikauacha ukauke, na asubuhi ya siku ya kuamkia shughuli tukakaa barazani: mimi, baba, shangazi, na mama mmoja jirani aliyekuwa akitwanga kinu kimoja na mama. Nikasema kama nilivyokuwa nasema zamani, "Niambieni alikuwa anawaitaje watu waje kula."

Shangazi hakuhitaji kusukumwa. Alikuwa wifi yake, kumbukeni. Akaanza na jinsi mama alivyoonja maharage, anavyoyatafuna upande mmoja na kukunja uso hata yakiwa matamu. Akasimulia jinsi alivyokuwa anaimba kanisani akiwatangulia wenzake ili aonekane anajua. Akamwigiza akimtukana mbuzi kwa Kirundi. Jirani akacheka mpaka akashika mbavu. Na hapo nikamwona. Naapa nilimwona. Mama alipita kwenye uso wa shangazi, mzima mzima, akakaa pale kwa muda wa kutosha kabisa.

Mkono wangu ukaenda. Ulikwenda wenyewe, kama zamani, sikuwa nafikiri. Nilipoutazama ubao, kulikuwa na shingo ndefu nyembamba, na juu yake kope mbili zilizoinama.

Nikafuta kwa mafuta ya taa. Nikaanza upya. Shangazi akasimulia mengine, nami nikaangalia midomo yake tu, nikalazimisha kivuli cha taya, nikakataza shingo isipande. Ikapanda. Nikafuta. Nikajaribu kuchora kwa akili, pua kwanza, nikimuuliza jirani pua ilikuwaje, na akasema ilikuwa ya wastani. Nikafuta. Ubao sasa ulikuwa unanuka kama kibatari. Shangazi akachoka kuigiza. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mganga hajigangi, mwanangu. Siyo kosa lako."

Nilitamani iwe hivyo. Lakini mimi nilijua si suala la mganga. Ningeweza kumchora mama siku yoyote kabla yule mpwa hajaja na vitambaa vyake kwapani.

Ndipo baba akaanza kuongea. Hakuniangalia, aliangalia uwanja. Alisimulia walipokuwa wanakimbia, mimi nikiwa mgongoni mwa mama, na chungu pekee walichokuwa nacho kikamponyoka mtoni kikavunjika. Wenzao wote walinyamaza wakidhani atalia. Yeye akacheka. "Alicheka hivi," baba akasema, na yule mzee ambaye sikuwahi kumwona akimwigiza mtu akainua uso wake na kucheka kicheko cha mwanamke kijana aliyesimama ndani ya maji. Sijawahi kupewa sura na mtu namna ile. Wafiwa wote niliowahi kukaa nao hawakuwahi kunipa hata nusu ya hiyo.

Nikachora nikilia. Ikatoka mwanamke mrembo, mtulivu, mwembamba, aliyefumba macho. Nilichofanikiwa ni kutomwekea mtungi.

Jua lilikuwa linashuka na wageni wa mbali walikuwa wameanza kufika na baiskeli zao. Nikashika tambara nifute tena. Baba akanizuia mkono. Akauchukua ubao, akausogeza kwenye mwanga, akautazama kwa muda.

"Ni mzuri," akasema. "Mama yako hakuwa mzuri hivi."

"Baba, niache nifute."

"Mezani tutaweka nini? Watu hawawezi kuja kulilia ubao mtupu. Iache."

Basi ikawekwa. Kitambaa cha kudarizi kilikuwa cha mama mwenyewe. Watu wakaja, wakapita mbele ya meza mmoja mmoja kama ilivyo desturi, wakainamisha vichwa. Wanawake waliolima naye, waliomkopesha chumvi, waliomzalisha watoto, walisimama mbele ya yule mwanamke wa maduka ya Arusha na kulia machozi ya kweli. Katekista akanyoosha mkono kuelekea ubao akasema tumtazame mama yetu. Yule jirani wa kinu akanishika bega, akaniambia, "Ndiye. Umempatia kabisa." Nilitamani anitukane. Angenitemea mate ningemshukuru. Lakini sisi ni watu wa adabu, na adabu yetu siku ile iliniua vizuri.

Mpwa yule aliacha kuja baada ya muda. Alipata wachoraji wengine Dar, wa karibu na maduka. Nikabaki kuchora mabango ya vinyozi na vibao vya baa, na uzee umenifanya niitwe msanii mkongwe, nialikwe kwenye semina, niulizwe jinsi picha zinavyonijia. Zikija, ni zile zile za shingo ndefu. Nimemchora na kumfuta mama kwenye mbao nyingi ambazo hakuna aliyeziona.

Ile ya mninga ilibaki kwenye ukuta wa nyumba ya baba. Alikula chakula chake akiielekea mpaka naye alipofariki, na sikuwahi kumuuliza alikuwa anamwona nani. Watoto wa wadogo zangu wamekua wakiiamkia. Wanamwita bibi. Wanasema binti fulani kwenye ukoo amerithi shingo yake, na wote wanakubali, nami nakaa kimya. Lakini si hilo linaloniuma kuliko yote. Linaloniuma ni kwamba nami sasa nikifumba macho nimtafute mama, huyo huyo ndiye anayekuja, mrembo, mtulivu, hanitazami.

Mama yangu alikuwa na shingo fupi. Najua hivyo kwa sababu shangazi aliniambia.